Kidonge Hakikatwi

Jumatatu, 3 Machi

Kidonge cha kwanza leo. Miligramu kumi na nane. Nimekimeza na chai, nikakaa kitandani nikisubiri miujiza. Wapi! Chai imepoa, basi.

Daktari nimemwona kwenye simu tu, kichwa na mabega. Foleni ya ADHD, hii hali ya akili kutotulia, huko hospitali ya umma ni ndefu hadi unasahau umefuata nini, kwa hiyo tumejiunga na kliniki ya kulipia. Mume wangu alisema tulipe tu, tutabana kwingine. Daktari mpole. Dozi itapanda kidogo kidogo, anasema, ila kila wiki nimtumie vipimo vya presha. Bila presha hapandishi. Yaani dawa ya usahaulifu hupewi mpaka ukumbuke! Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kisa cha yote haya ni ile mikono miwili ya kushoto. Gauni la bi harusi, mwezi uliopita. Nilikata mkono wa kwanza, nikasahau kugeuza patani, ile karatasi ya kufuatishia, nikakata wa pili vilevile. Karakana nzima ilivunjika mbavu. Bi Mkubwa, mwenye karakana, hakucheka. Alisema hanifukuzi, ila likitokea tena meza ya kukatia anampa mwingine, mimi nikashone vifungo.

Vifungo! Mimi!

Jumatatu, 10 Machi

Nilisahau kupima presha wiki nzima. Kipima presha nimeazima kwa mama mkwe, kimekaa juu ya friji kinanitazama. Leo asubuhi nikapima mara nyingi mfululizo ili nijaze pengo, nesi wa kliniki akanijibu kwa ujumbe kwamba mama, hivi ni vipimo vya siku moja. Aibu yangu. Daktari amenihurumia, amepandisha hadi ishirini na saba, ila wiki hii nisirudie.

Nimechoka hata kabla ya kuanza. Mume ameandika PRESHA kwa kalamu nene, amebandika mlangoni mwa choo. Binti yetu amechora moyo chini yake, wenye miguu.

Alhamisi, 13 Machi

Leo kuna kitu.

Nilikuwa nachora chaki kwenye bitana, nikashtuka kwamba nasikia cherehani. Cherehani tu. Siku zote nasikia cherehani, redio, maneno ya wateja, bomba linalodondoka, na kichwani kuna mwingine anaongea juu ya vyote. Leo huyo wa kichwani hakuwepo. Nilisimama na chaki mkononi, machozi yakanitoka. Kumbe wenzangu wanaishi hivi! Miaka yote hii wanaishi hivi na hawasemi!

Saa ya kutoka kazini utulivu ukaisha. Kichwa kinaniwanga, mdomo mkavu kama nimelamba chaki yenyewe.

Jumatatu, 17 Machi

Thelathini na sita. Presha nimepeleka, ya siku zote, ya kweli. Nesi kanitumia alama ya kidole gumba.

Jumatano, 19 Machi

Nimekata kazi ya siku tatu kwa siku moja. Mistari imenyooka. Kila patani nimegeuza, na nimejua kwamba nimegeuza. Bi Mkubwa alipita, akapima kwa tepu, akapima tena, akasema sasa huyu ndiye mkataji. Alhamisi ijayo nitakata lesi ya gauni kubwa la bi harusi mwingine. Bi harusi kaileta mwenyewe. Hakuna kipande cha akiba, hata cha ukubwa wa leso. Ikitoka vizuri, meza ni yangu, hatutalizungumza tena.

Nilipaswa kufurahi. Nilijua kwamba hili ni jambo la kufurahisha. Nililijua kama mtu anavyojua bei ya uzi.

Shoga yangu wa cherehani ya dirishani akaniuliza mbona siku hizi siimbi. Kwetu pale mimi ndiye mwanzishaji: natoa ubeti nikiwa nakata, wao wanaitikia wakishona. Nikamwambia sina wimbo. Akaniangalia vibaya, akasema, 'Huna wimbo? Wewe? Unaumwa.'

Chakula cha mchana nilikirudisha nyumbani kilivyo.

Na jioni—jioni ndiyo balaa. Dawa ikiisha, inaondoka na sakafu. Binti alikuwa anatafuta kiatu. Kiatu kimoja tu, jamani. Nikampigia kelele mpaka jirani akazima televisheni yake. Mtoto akasimama na kiatu kimoja mguuni, akaniuliza, 'Mama, nimekukosea nini?'

Hajanikosea kitu.

Ijumaa, 21 Machi

Mume wangu si mtu wa maneno. Leo ameyatoa, tukiwa tunaosha vyombo. Anasema, 'Kazini wanakupata wewe mzima, sisi huku tunaletewa makombo.' Nikamjibu hovyo. Nikamwambia ndiye aliyesema tulipe. Akakausha sahani ileile muda mrefu, akasema, 'Nilitaka upate nafuu. Sikutaka wakuchukue.'

Nimemwandikia daktari, nimeomba turudi ishirini na saba. Nesi kajibu kwamba daktari atalisoma Jumatatu. Dozi haibadilishwi bila yeye. Kumbe unapolipia, unalipia kusubiri kwa adabu.

Kesho ni michezo ya shule. Binti anakimbia mbio za kupokezana. Ameniambia mara mbili, polepole, kama anaongea na mgonjwa: 'Mama uje. Lakini uje wewe.'

Jumamosi, 22 Machi

Nimefanya upumbavu wa fundi.

Asubuhi nilikitazama kidonge. Thelathini na sita ni kingi, nitakaa pale uwanjani kama sanamu. Nisipomeza, nitampoteza mtoto kwenye umati au nitakwenda shule nyingine kabisa. Nikawaza: nusu ya thelathini na sita si kumi na nane? Kumi na nane naijua, haikunifanya kitu. Na mimi kazi yangu ni nini? Nikachukua mkasi mdogo wa nyuzi, ule mkali, nikakikata katikati. Mkato safi! Nikajisifu! Nikameza nusu, nikaufuta mkasi kwenye kanga.

Hatujafika uwanjani, moyo ukaanza. Si kudunda—kupiga teke. Vidole vya baridi, jasho shingoni. Binti alipopokea kijiti sikumwona, nilikuwa nimeinama nimeshika magoti, mume kanishika mgongoni. Niliwasikia watu wanashangilia. Nikauliza nani kashinda. Akasema, 'Nyamaza, pumua.'

Mume aliandikia kliniki, nesi wa zamu akanipigia simu yeye mwenyewe, si ujumbe. Kile kidonge kimetengenezwa kitoe dawa taratibu kutwa nzima. Ukikikata, unaimwaga yote kwa pamoja. 'Mama, hakikatwi, imeandikwa kwenye boksi.' Imeandikwa kweli. Nimeisoma leo. Akanituma hapohapo zahanati ya karibu, wakanilaza mpaka moyo ukatulia.

Timu yao ilikuwa ya pili. Binti ameniambia mwenyewe, kisha akasema haikuwa lazima nione.

Jumapili, 23 Machi

Nimelala. Nimeamka. Nimelala.

Jumatatu, 24 Machi

Daktari, kichwa na mabega. Hakunigombeza, heri angenigombeza. Tunasimama kwanza, hakuna kidonge hata kimoja, mpaka nipigwe kipimo cha moyo. Nafasi ya kwanza ni Ijumaa. Kisha pengine tuanze upya, chini kabisa, au dawa nyingine, ngazi ileile tena.

Nikamwambia Alhamisi nakata lesi. Akasema, 'Pole sana.' Ninaamini kabisa kwamba hajui lesi ni nini.

Boksi nimempa mume. Nikamwambia akae nalo, hata nikilia asinipe.

Jumanne, 25 Machi

Karudi yule wa kichwani. Na bomba, na redio, na wateja. Nimeacha simu kwenye droo ya vifungo, nimeacha chai kwenye dirisha la choo.

Lakini jioni binti kanisimulia habari ya mwalimu wao aliyekalia gundi, tukacheka mpaka tukakaa chini sakafuni. Mume alitoka jikoni kutazama kuna nini. Akasimama pale mlangoni, hakurudi kwenye sufuria mpaka chakula kikaungua.

Jumatano, 26 Machi

Nimemwambia Bi Mkubwa. Kila kitu: vidonge, moyo, mkasi. Sikutaka akute mikono ya kushoto kesho halafu anione mwongo. Alinisikiliza akiwa anachomeka pini kwenye kile kimto kidogo anachofunga mkononi. Kisha akasema, 'Kwa hiyo aliyenikatia zile nguo nzuri ni nani? Na kesho anakuja nani?'

Nikamwambia kesho ninakuja mimi. Akasema bi harusi anakuja kujaribu Ijumaa, lesi haisubiri moyo wa mtu, kama sijiwezi niseme leo, yuko kijana wa karakana ya pili. Nikasema najiweza.

Mdomo huu!

Alhamisi, 27 Machi

Asubuhi mume kanifuata mlangoni. Kafungua kiganja: boksi. Hakusema chukua, hakusema usichukue. Macho mekundu, hakulala yule. Akasema tu, 'Ile meza unaipenda.' Naipenda, Mungu wangu. Nikamfunga vidole juu ya boksi nikatoka haraka, kabla sijabadilika.

Sasa niko mezani. Naandika kwenye karatasi ya patani, nitaihamishia daftarini baadaye. Lesi imetandikwa. Nyeupe, nyepesi, ukiipumulia inasogea. Bi Mkubwa amezima redio kwa ajili yangu, amekaa ofisini kaacha mlango wazi. Mwili wa mbele nimekata. Wa nyuma nimekata. Mkono wa kushoto nimekata, uko hapa, mzuri.

Bado wa kulia.

Na nilikuwa naimba. Sijui nilianza lini. Nimejisikia tu niko katikati ya ubeti, ule wimbo wetu, na yule wa dirishani anaitikia, na wa nyuma yake, cherehani zote zinakwenda nao. Wiki ngapi hazijaimba! Mwili wote ukanisisimka. Nikaweka patani nikiwa naimba, nikabana pini nikiwa naimba, nikashika mkasi.

Nimegeuza?

Nimetazama. Naona nimegeuza. Nimetazama tena, na upande wa kulia unafanana na wa kushoto, na bomba linadondoka, na kichwani mtu ananisomea orodha ya mambo niliyosahau nyumbani. Natoa pini, naanza upya. Nageuza kwa sauti. Nimesema kwa sauti, 'Nageuza.' Bi Mkubwa kainua uso.

Kiitikio kimekwisha. Wote wamenyamaza, miguu juu ya pedali za cherehani, wananisubiri nitoe ubeti wa pili, na mkasi bado haujagusa lesi.