Umemwambia Kaa, Ukaenda Zako

Mjukuu wangu,

Zipu ya begi lako la safari imeniamsha kabla hakujapambazuka. Nikakusikia mlangoni: "Kapteni, kaa!" Mbwa akakaa. Ukajisifu, "Umeona? Mafunzo si mchezo!" Ukaenda zako kazini huko mbali. Hodari we! Umesahau kumwambia inuka. Jua limechomoza yuko palepale, anatetemeka, mkojo umemtoka. Nimembembeleza kwa nyama, wapi! Anangoja sauti yako, na simu umezima. Nimembeba mwenyewe, na kiuno changu hiki.

Chakula kiko kwenye friji. Ukirudi ule umekaa, si kusimama kama askari wa lango. Yale mafuta yako ya uso nimeyaweka bafuni. Eti unajitunza! Kila safari unarudi macho mekundu kama pilipili. Usingizi haupakwi, baba.

Mbwa ~~nampa jirani~~ naondoka naye kwenda kwangu.

Ulipopita alfajiri ulinifunika blanketi. Nilikuwa macho, nimeona, ahsante. Kumbe huruma unayo, ila haraka yako haina adabu.

Njoo ututembelee tena. Umwambie inuka kwa mdomo wako. Begi liache nyumbani.

Bibi yako