Kioo Kilichoangukia Nje

Jumanne, Thika. Mvua tangu alfajiri, na mimi nimeamka na hasira ile ile niliyolala nayo, kwa hiyo leo, shajara yangu, usitegemee habari za jikoni.

Mzee Mwangi bado yuko ndani. Ni mlinzi wa duka la vitambaa la Bwana Ramji, jirani yetu ukuta kwa ukuta. Polisi wanadai Jumapili alivunja dirisha la nyuma, akawaingiza wezi wakabeba majora ya kaki. Siku hizi za Hali ya Hatari, Mkikuyu akitajwa pamoja na kaki haulizwi mara mbili. Wameshaamua imepelekwa msituni kwa wapiganaji. Keshokutwa anafikishwa mahakamani, na akifungwa sijui kama mkewe atamwona tena. Hata chakula hawezi kumletea kutoka Ruiru, amenyimwa pasi ya kusafiria.

Jana mimi niliitwa kupiga picha kwa sababu baba anaumwa kifua na studio ni yetu. Sajini Otieno wa polisi alinielekeza vizuri. Mtu asiingie wala asisogeze kitu kabla ya picha. Piga kwanza ukiwa mlangoni, chumba chote kionekane, halafu sogea, halafu kitu chenyewe na rula kando yake ili ukubwa wake ujulikane. Unga wa kutafutia alama za vidole huja baadaye. Niliipenda kazi hiyo. Vioo na makabati hutulia kuliko maharusi.

Ila Kantamasi, mke wa Bwana Ramji, alikuwa ameshafagia. Masi, yaani mama mdogo kama ninavyomwita kwa Kigujarati, hawezi kuwasha taa ya maombi katika duka chafu, hata kama limeibiwa. Nyayo zote zilikwenda na ufagio.

Nje hakufagia. Chini ya dirisha, kwenye tope, vipande vya kioo vilikuwa vimetapakaa. Mtu akivunja dirisha akiwa nje, kioo kingi huangukia ndani. Hiki kiliangukia nje. Aliyelivunja alikuwa ndani ya duka, akitaka ionekane ni wezi. Mlango ulikuwa umefungwa, na ufunguo wanao watu wawili, Bwana Ramji na shemeji yake.

Mwangi hana ufunguo.

Nilipomwonyesha Inspekta, Mzungu mkubwa wa Sajini, alisema yule mama ndiye aliyekifagia kioo nje. Nikaanza kumweleza, akanikata. “Wewe kazi yako piga picha. Hapana fikiri.”

Nimefikiri hata hivyo. Mtaa mzima unajua Masi hafagii kwenda nje. Kwao takataka hufagiliwa kuelekea ndani, bahati ya nyumba isitoke mlangoni, kisha huzolewa na kutiwa debeni. Debe lilikuwa pale pale kwenye kona, lina nyuzi, vumbi na karatasi. Kioo hakuna. Nikalipiga picha, na rula yangu kando. Masi alikuwa amesimama akitazama sakafu, mumewe akimtazama yeye.

Walipokuwa wakimtoa Mwangi dukani alipita karibu nami. “Mwari, hiyo dirisha mimi sijagusa,” alisema, akiniita binti kwa lugha yake. Nikaitikia kwa kichwa.

Leo asubuhi Inspekta alikuja kuchukua picha. Alichukua za mlango na makabati, akaniachia ile ya kioo na ile ya debe. Akasema hazihitajiki, filamu zake nizichome. Baba anataka nitii, anahofia leseni na wateja. Bwana Ramji naye katuletea sinia ya barfi, vitamutamu vya maziwa, bila sikukuu yoyote. Nimeirudisha na kitambaa chake kikiwa bado kimefungwa.

Mchana Masi alipitia mlango wa nyuma. Alisema polepole, kwa Kigujarati, kwamba tangu aolewe hajawahi kufagia kwenda nje, na hakimu akimwuliza atasema hivyo, mumewe akiwepo. Nikamwuliza kama haogopi.

“Ninaogopa,” alisema. “Lakini ufagio ni wangu.”

Baada ya hapo ningewezaje kuchoma kitu?

Nimezisafisha picha zote mbili kwa ukubwa wa zile za harusi. Kwenye dirisha la studio kuna picha ya familia ya Bwana Ramji, wote wamevaa nguo za Diwali. Nimetundika kioo upande mmoja na debe upande wa pili. Jioni Sajini Otieno alisimama hapo akazitazama, kisha akaja mlangoni kuuliza kama Alhamisi naweza kufika mahakamani na filamu. Nimemwambia nitafika kabla yake. Nimezificha, na hata wewe sikuambii wapi.

Baba amenuna tangu hapo. Sawa, na anune.

Anayetaka kuziondoa picha zile na alivunje dirisha langu. Atalivunja akiwa nje, kioo kitaangukia ndani, na kamera yangu nimeshaitia filamu.