Madirisha ya Ndege

Mume wangu,

Hatujambo. Kikohozi cha mama yako kimepungua.

Umeniuliza uanze na kipulizia rangi kipi kwa zile ndege zako za plastiki za kuunganisha. Chukua chenye kikombe juu. Rangi hushuka yenyewe, na kukisafisha ni rahisi. Ati dada wa dukani anakushauri kingine. Dada gani huyo, mbona barua yako nzima ni yeye?

Halafu ile picha ya ndege uliyomaliza huko nimeitazama, madirisha yake yamepakwa yakanyooka. Madirisha madogo ya ndege hayapulizwi, hupakwa kwa brashi, na mkono wako hutetemeka hata ukishika kijiko. Hapa nyumbani nilikuwa nikikupakia mimi, huku nimebana pumzi.

Haya niambie, huko anabana pumzi nani?

Mkeo, ambaye brashi yake imekauka.