Eda Kabla ya Maua

Jumapili, 8 Desemba

Nimembadilishia mume wangu shuka mara mbili. Nimemlisha uji, ameutema. Nimefuta. Anasema una madonge. Miaka thelathini anakunywa uji wangu na madonge yake, leo ndio kagundua.

Daktari alikuja juzi. Ini limekwisha. Ni miezi, si mwaka, ndivyo alivyosema, akanishika bega kunipa pole. Yeye akinipa pole, mimi nilikuwa nawaza safari yangu.

Tiketi ni ya tarehe tatu Aprili, mimi na binti yangu Rukia. Tunakwenda Japani, Kyoto, kuona miti ya micheri ikichanua. Maua yale hukaa kiasi cha wiki, upepo ukivuma basi tena. Kila mwaka nilimwambia Mbarouk twende, kila mwaka akasema mwakani. Sasa nimestaafu kazi ya udobi hospitalini, mtoto kanikatia tiketi, na baba yake kaamua kufa.

Akifa kabla ya Aprili, nakaa eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya fleti hii ya Stratford, Landani, mjane kizuka, nguo nyeupe, sina manukato, sina safari. Micheri haitanisubiri na mwakani siuamini tena.

Nimeyaandika haya na sikuyafuta.

Jumanne, 10 Desemba

Sheikh kaja kutoka Edgware Road kumsomea. Nilimsindikiza mpaka kwenye lifti, nikamuuliza kama vile naulizia jirani. Mwanamke kaachwa talaka tatu, eda yake ikaisha, halafu yule mwanamume akafa. Anamkalia eda?

Hamkalii. Si mumewe tena.

Na mtu mzima aliyekwisha kukatika hedhi, eda ya talaka ni muda gani? Miezi mitatu. Hapo alinitazama kwa jicho baya, lifti ikaja, akaingia.

Nikiachwa wiki hii, Ramadhani haifiki katikati niko huru. Aprili inanikuta sina mume wala eda. Sijapata kuwa na wazo zuri kama hili maishani mwangu. Wala baya.

Jumatano, 11 Desemba

Nimemwambia. Nilingoja anywe dawa, akili imtulie, nikamwambia bila ya kuzunguka: nipe talaka tatu leo.

Alijua ni ya nini kabla sijamaliza. Akacheka mpaka akakohoa. Akaniuliza maua yenyewe yananukia? Nikamwambia si sana.

Akamwita dada yake. Salha, wifi yangu, anakuja kila siku kukaa kitako na kuzikosoa sufuria zangu. Leo alikuja na mumewe, basi mashahidi wakapatikana. Mbarouk akazitamka zote tatu, taratibu, kama anayesoma namba za basi. Halafu akaomba maji. Nikainuka kama nilivyozoea.

Salha akanizuia kwa mkono. "Kaa, wifi. Si mumeo huyo."

Akampa yeye. Yakamwagika shingoni kwa sababu hajui kumwinua kichwa. Nikatazama tu.

Nimehamia chumba cha zamani cha Rukia. Nimelala usingizi mzuri, nasema kweli.

Ijumaa, 20 Desemba

Kitanda chake kipo sebuleni. Jikoni hakufikiki bila ya kupita sebuleni. Basi kila nikitaka chai najitanda kama naenda msibani. Yeye hugeuka ukutani, kwa adabu. Adabu hiyo sikuiona nilipokuwa mkewe.

Asubuhi wanakuja wasichana wa kumwosha. Shuka wanaitandika vibaya, inamkunja mgongoni. Namsikia akiguna. Ningeweza kusema. Sikusema.

Rukia kapiga simu. Mimi nasema Kiswahili, yeye anajibu Kiingereza, ndivyo tulivyo. Kaniambia mimi ni mnyama. Nikamwacha amalize. Mwisho akauliza Kyoto kuna baridi kiasi gani mwezi wa nne.

Jumamosi, 18 Januari

Salha ana habari. Kaka yake hawezi kufa bila ya mtu wa kumkalia eda. Aibu. Watu watakuja msibani waulize kizuka yuko wapi, waoneshwe nini, kitanda? Mbarouk mwenyewe kasema anataka mke.

Nilicheka jikoni, kwa sauti, wanisikie. Nani ataolewa na mtu aliyekwisha kuwa wa manjano mpaka kwenye kucha?

Jumapili, 9 Februari

Anaitwa Raya. Mjane, anapika kwenye mkahawa mmoja Edgware Road, hana mtoto. Ana uso wa upole na nilitafuta kasoro nisiione. Miguu mikubwa, labda.

Wameozeshwa pale pale kitandani. Mimi niko kwenye eda yangu, nyumba ni haki yangu mpaka iishe, hakuna wa kunitoa. Nilikaa chumbani nikasikia kila neno kupitia ukutani. Mbarouk aliitikia ndoa kwa sauti aliyokuwa hana tangu Novemba.

Pilau niliipika mimi. Hakuna aliyeniomba. Sikuweza kuvumilia harusi katika nyumba ile inuke pilau ya Salha.

Sasa anaweza kufa saa yoyote, safari yangu haiguswi. Hilo ndilo nililotaka. Nimelipata.

Jumanne, 25 Februari

Raya anampa uji. Anaumaliza. Anaomba mwingine. Alipokwenda kusali niliingia jikoni nikaifunua sufuria. Madonge matupu.

Mbarouk anamwita "mke wangu" kwa nguvu, ukuta usikie. Raya ananiita dada. Kaniuliza taulo nzito zinawekwa wapi. Nikampeleka kwenye kabati silo. Nilimsikia akitafuta muda mrefu, anafungua, anafunga, na Mbarouk analalamika kajirowesha. Hatimaye kavua kanga yake akamfutia.

Nimeona haya kidogo. Si sana.

Jumatatu, 10 Machi

Eda imekwisha. Rukia kaja na gari, kabeba masanduku mawili. Nahamia kwake mpaka nipate pangu.

Ilinibidi nipite kitandani. Nikasimama karibu na mlango, mtandio mpaka kwenye nyusi. Amekuwa mdogo. Rangi ya bizari. Raya kakaa ukingoni, kamshika mkono, anamchua vidole kimoja kimoja. Mimi sikupata kumchua vidole. Hakupata kuniomba.

Nilitaka anibembeleze. Nimejua pale pale mlangoni kwamba hilo ndilo nililokuwa nangojea tangu Desemba. Aseme Zuhura usiende. Ningemkatalia, nikaondoka nimeshiba.

Akasema, "Safari njema."

Nikasema ahsante.

Nililia ndani ya gari mpaka Rukia akaegesha. Nikamwambia ni saumu.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Bado yu hai. Madaktari wanashangaa. Salha anasema ni baraka ya mke mwema, na kahakikisha Rukia analifikisha neno hilo kwangu kama lilivyo.

Rukia alishinda huko mchana kutwa. Kasema babake kala tambi vijiko vitatu. Nikamuuliza kama kaniulizia. Akajifanya anatafuta chaja ya simu.

Alhamisi tunaruka. Rukia anataka tuahirishe. Nikamwambia maua hayaahirishwi. Nikamwambia babake kanidanganya miaka yote kwa neno mwakani, na yeye sasa anataka kulirithi neno hilo. Akaenda kuyatoa masanduku. Najua pa kumchoma, nimemzaa mwenyewe.

Jumapili, 6 Aprili. Kyoto

Imechanua. Ni mizuri. Rangi ya waridi iliyofifia, na ikitikiswa inamwagika hewani na watu wote wanasema aah. Mtu hupata shida kupita kwa wingi wa watu.

Simu ya Rukia ililia tukiwa chini ya mti. Shangazi yake. Mbarouk kafa alfajiri ya Landani. Wanamzika kesho, hawasubiri.

Rukia alikaa chini pale pale, juu ya maua. Hawezi kuwahi. Alisema sentensi moja, safari hii kwa Kiswahili: "Mama, umeninyima baba yangu." Wajapani wawili wakampa karatasi za kufutia machozi. Mmoja akanigeukia na mimi, akaniona nimesimama na mikoba, akazirudisha mfukoni.

Sina eda. Sina wa kunizuia kutazama. Nikatazama maua, kwa sababu ndiyo niliyoyajia, nikayatazama mpaka shingo ikauma.

Jumanne, 15 Aprili

Tumerudi jana. Leo nimekwenda kutoa pole.

Salha alifungua mlango, akanipisha. Wanawake wamejaa sebuleni, kitanda kimeondolewa, pamebaki alama za magurudumu kwenye zulia. Walimpa Rukia mkono, mmoja mmoja, wakamkumbatia. Bibi mmoja aliyenijua tangu nikiwa msichana alinyoosha mkono kwangu pia, akakumbuka, akaurudisha.

Kizuka yuko katika chumba kilichokuwa changu na Mbarouk. Nguo nyeupe, kajiinamia kitandani upande wangu. Nikampa mkono. Nikasema pole, Bi Raya. Akasema tushapoa, dada.

Wengine walitoka kula. Tukabaki wawili. Akaongea chini chini. Watu wanakuja mchana kutwa wanamsimulia habari za Mbarouk, yeye anatikisa kichwa tu. Alimjua miezi miwili, na yote akiwa amelala.

"Nitamkalia mpaka mwezi wa nane," akasema. "Niambie japo kitu kimoja, da Zuhura. Alikuwa mtu gani?"

Nilikuwa na miaka thelathini ya kusimulia. Nilikuja na ubaya wake wote mdomoni, nimeupanga tangu kwenye ndege. Sikuupata hata mmoja. Kilichonijia ni kwamba hulala mguu mmoja nje ya blanketi. Hata theluji ikianguka. Mimi nitamfunika, yeye atautoa, nitamfunika, atautoa. Nikamwambia hivyo.

"Hilo nililiona," akasema Raya.

Nikatafuta jingine. Alinisubiri kwa upole, mikono mapajani. Sikulipata. Salha akaita kwamba chakula kinapoa. Nikavaa viatu nikashuka kwa ngazi, nikasimama kituoni kungoja basi.