Alama Tisini na Nane

Kentucky, 6 Aprili

Mpendwa Kaka Denver,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu milimani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya Dakota imeanza kuwahurumia huko kwenye visima vya mafuta. Mimi ni mzima wa mwili. Mama naye anatembea, anapika, ila amekonda, na siku hizi kanisani anakaa kiti cha nyuma, karibu na mlango.

Uliuliza habari za masomo. Zimebaki wiki tano nimalize shahada ya uzamili, kisha mtihani wa leseni, niwe muuguzi wa familia anayempima mgonjwa, kutambua ugonjwa na kuandika dawa mwenyewe. Saa zangu za mazoezi nazimalizia kwenye kliniki ya Bi. Maudean, yule aliyetuchanja utotoni. Ulimi wake haujabadilika. Wiki iliyopita mzee mmoja wa kikohozi alikataa kuvua shati mbele yangu, eti mimi ni katoto ka Hobart Slone. Bi. Maudean akamwambia, vua bwana, nimeshaona vifua vya bonde zima na hakuna hata kimoja kilichonikosesha usingizi.

Nilipombonyeza mzee huyo tumboni, juu ya kitovu, kitu kipana kilikuwa kikidunda na kuvitenganisha vidole vyangu. Sikuviondoa vidole. Bi. Maudean akaniuliza, mwanangu, umeona nini? Kisha akaweka mkono wake juu ya wangu. Mzee alipelekwa Lexington siku ile ile, mshipa wake mkuu wa damu ukatengenezwa kabla haujapasuka. Jumatatu mkewe aliniletea chupa ya jemu ya tufaha, akanikumbatia mbele ya wagonjwa wote, akasema Mungu aibariki mikono yangu. Jemu ile niliiacha kliniki.

Kaka, ugonjwa ule ndio uliomuua Baba. Nakuomba usome polepole yanayofuata.

Oktoba chuo kilitutaka turekodi video tukimpima mtu mzima mwili wote, utosini hadi nyayoni, kwa dakika ishirini. Kamera ikishawashwa hairuhusiwi kusimamishwa, na kila unachokipima lazima ukitamke kwa sauti. Maneno ya kutamka hutolewa mapema, nasi huyakariri, kwa sababu mtu tunayemrekodi huwa mzima. Wenzangu waliwapima waume zao. Mimi nilimlaza Baba kwenye kochi la sebuleni.

Alifurahi kama mtoto. Alichana nywele. Nilipofika tumboni alisema nambonyeza kama ninayechagua tikiti maji, na kwamba kama halijaiva nilirudishe shambani. Mama alicheka kutoka jikoni. Mimi sikucheka. Mshipa ulikuwa unadunda chini ya vidole vyangu, Denver, na vidole vilikuwa vinaachana. Wakati huo huo mdomo wangu ulikuwa ukisema: hakuna uvimbe, hakuna mapigo yasiyo ya kawaida. Nikaenda kwenye magoti.

Nilijiambia kwamba Baba ni mwembamba, na mtu mwembamba mshipa wake husikika. Nilijiambia nitarudia kamera ikizimwa. Lakini kitabuni nilikuwa nimesoma kwamba mwanamume wa umri wake aliyevuta sigara maisha yake yote anapaswa kupimwa mshipa huo kwa picha, hata kama haumwi popote. Nililijua hilo. Kamera ikazimwa, Mama akatuita mezani, maharage na mkate wa mahindi vikawa vinapoa. Nikala. Nikatuma video. Nikapata alama tisini na nane. Mbili zilikatwa kwa kuwa nilisahau kunawa mikono mwishoni.

Baba alifariki baada ya siku kumi na tisa, mshipa huo ulipopasuka.

Makaburini ulimwambia Mama kwamba angepiga simu kuita gari la wagonjwa mgongo ulipoanza kumuuma Baba, badala ya kumpa vidonge na chupa ya maji ya moto, tusingekuwa pale. Mimi nilikuwa nimekushika mkono. Nilikusikia nikanyamaza, na miezi mitano nimeendelea kunyamaza huku ukinipigia mimi simu na yeye humpigii.

Jana nilimweleza Mama yote. Alifunga bomba la maji, kisha akaniuliza kama wewe unajua. Nilipomjibu hapana, alisema basi asijue; acha Denver anikasirikie mimi, mimi nimeshazoea, wewe utamhitaji siku ya mahafali. Akarudi kuosha vyombo. Nimemwasi kwa kukuandikia.

Mwalimu wangu naye nimemwandikia leo ukweli wa video ile. Sijui kama wataniacha nimalize.

Video ninayo. Sauti ya Baba imo, na kicheko cha Mama. Ukiitaka nitakutumia, ingawa mimi sijaweza kuifungua. Mahafali njoo au usije, kasirika unavyotaka, ila hasira hiyo ilete kwangu. Mama hurudi kutoka kanisani saa saba mchana Jumapili. Mpigie yeye kwanza.

Msalimie mkeo Tessa na umbusu mtoto. Jirani zetu wote wanakukumbuka.

Mimi mdogo wako,
Raelynn