Baba kaingiza kisahani

Shoga, usinipigie, siwezi kuongea. Niko bafuni, nimefungulia bomba ili Baba asinisikie nikilia.

Leo kaingiza. Ule mchezo wake wa kurusha kisahani mpaka kiingie kwenye kikapu cha minyororo. Unajua alivyohangaika na ule mkono tangu apate kiharusi, kila asubuhi anavuta mpira wa tairi aliofunga kwenye kitasa cha mlango mpaka jasho linamtoka. Leo karusha kwa mkono huohuo, kikaingia. Wenzake uwanjani wakampigia makofi.

Mimi nacheka, machozi yananitoka. Akageuka, akaniambia, "Mwite mama yako aje aone."

Mama. Mama tuliyemzika mwaka jana, na wewe ulikuwepo.

Nikadhani utani. Akarudia, "Mwite mama yako, yuko kwenye gari." Akaenda mwenyewe, akafungua mlango wa nyuma, akachungulia. Wenzake wote wakaangalia chini.

Nikamshika bega. Sikuthubutu kusema "amekufa", nikasema, "Baba, Mama ametangulia."

Uso ukamlainika kabisa. "Ametangulia nyumbani? Si ungesema mapema."

Shoga, sikumsahihisha. Nilishindwa.

Njia nzima ananihimiza niongeze mwendo, eti Mama asikae peke yake. Sasa namsikia anapita chumba hadi chumba, anamwita. Anamwita polepole, kama mtu anayedhani mwenzake kalala.