Maji ya Kisima cha Muze

Mjukuu wangu Tekla,

Marahaba. Salamu zako zimenifikia hapa Chala. Shangazi yako amepona malaria, na ulezi tumeshauvuna.

Unauliza kwa nini nilimfokea baba yako aliposema atamwagilia vitunguu kwa maji ya kisima kipya bila kuyapima. Nilifoka, na nitafoka tena.

Serikali ilipofungulia watu binafsi biashara, mimi na babu yako tulikuwa tukilima kule bondeni, Muze. Akaja mfanyabiashara wa Sumbawanga akiuza pampu. Babu yako akamuuliza, "Maji ya kisima chetu yanafaa kwa vitunguu?"

Yule bwana akachota kwa kiganja, akaonja, akatema. Kisha akacheka. "Yanafaa, mzee. Vitunguu havina ulimi."

Tukauza fahali, tukanunua pampu. Vitunguu vilichipua vizuri, halafu majani yakaungua kuanzia nchani, na udongo ukafanya ukoko mweupe. Nikapanda lori hadi dukani kwake, nikamwambia mbele ya wateja, "Ulionja chumvi, ukatuuzia!"

Akajibu bila kuniangalia, "Soko huria, mama. Ungepima mwenyewe."

Ningepima na nini, Tekla? Na yeye alikuwa ameshapima, kwa ulimi wake! Msimu uliofuata hata mtama haukuota pale. Tukahama.

Siku hizi maabara zipo. Mwambie baba yako ajaze chupa, aipeleke, asubiri majibu ndipo awashe pampu. Akinuna, na anune.

Ni mimi bibi yako, ambaye hasira haijanitoka.